Kilo Isiyolipwa: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka mbali mbali lakini nyingi zinalalamikia jambo moja: mtu analima, anachuma au anabeba, chakula kinawafikia wengine, yeye anabaki na deni. Tumechagua sita. Tumejibu zaidi kwa mizani na hesabu, maana wizi wa chakula mara chache huwa kwenye bei iliyotamkwa. Huwa kwenye kipimo.

SWALI. Nakaanga chipsi Dar es Salaam na viazi nanunua sokoni. Bei ya ndoo imepanda sana tangu mwaka uanze. Mdogo wangu analima viazi hivyo hivyo Njombe, naye anasema gunia anauza bei ileile ya msimu uliopita. Huyo anayekula katikati ni nani?
*Mama lishe, Dar es Salaam*

JIBU. Dada, gunia la mdogo wako silo gunia unalolifikiria wewe. Lake ni lumbesa: gunia la kawaida limejazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa juu kipande cha neti au nusu ya gunia jingine, likaongezwa viazi mpaka likavaa kilemba. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake hazitaki mzigo wa mazao uzidi kilo 100. Lumbesa hufika 120, 130, na nyingine hupita hapo.

Chukua mfano wa namba nyepesi. Wamekubaliana gunia shilingi 60,000. Lingekuwa na kilo 100, kila kilo ingemlipa mkulima shilingi 600. Likiwa na 130, kilo imeshuka hadi kama 460, na hakuna aliyefungua kinywa kusema bei imeshuka. Akiuza magunia 20 ametoa kilo 600 bure. Mjini mzigo huohuo unafunguliwa na kufungwa upya, na magunia 20 yanazaa 26. Hayo sita ndiyo faida isiyoandikwa kwenye daftari lolote.

Sasa lifuate gunia barabarani. Pale ushuru unapotozwa kwa kuhesabu magunia, halmashauri inahesabu 20. Sokoni kuli analipwa kwa gunia, kwa hiyo zile kilo 30 za kwenye kilemba anazishusha bila ujira, akitembea juu ya ubao wa lori. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kuli wa lumbesa anabeba zaidi ya mara mbili ya hapo, na kiuno kikigoma anarudi kijijini bila hata senti ya matibabu. Wewe nawe hupati nafuu, kwa sababu mezani unauziwa kwa ndoo na kwa sado, vyombo vyenye mafundi wake: kitako kimebonyezwa kikaingia ndani, au viazi vikubwa vimepangwa kwa ustadi mpaka chini kuna mianya ya kupitisha ngumi. Ukiweza, nunua kwa kilo. Ukishindwa, nenda siku moja na mizani ndogo ya jikoni, upime ndoo ya kila muuzaji wako, ujue nani ni nani.

Mbona mkulima anakubali? Kwa sababu dalali hufika viazi vikiwa vimeshachimbwa. Kiazi kikikaa mwangani kinageuka kijani na kuwa kichungu, na kilichochubuka kinaanza kuoza. Dalali anajua saa zinakwenda upande wake. Tena huja na magunia yake na wafungaji wake, kwa hiyo hata sindano ya kushonea iko mikononi mwake. Wakati mwingine yeye ndiye aliyekopesha mbolea, na hapo mdogo wako hana hata pa kusimama.

Mwambie abadili mpangilio. Viazi vikikomaa akate mashina, aviache ardhini siku 10 hadi 14 ili ganda likaze. Siku hizo ndizo za kuzungumza bei, kwa kilo, kabla jembe halijagusa tuta. Kiazi cha ganda gumu hakichubuki njiani na kinaweza kungoja. Hakingoji milele: mvua ikizidi kitaoza, na tuta lenye nyufa linamkaribisha nondo wa viazi, kwa hiyo nyufa zifukiwe.

Mizani wanunue kwa kikundi. Watu kumi wanatosha kwa mizani moja ya kuning'iniza ya kilo 150, yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huohuo. Kuijaribu hakuhitaji mtaalamu. Pima ndoo tupu, mimina maji lita 20 kamili, pima tena. Tofauti iwe kilo 20. Ikisoma 18, ujue kila gunia la kilo 100 litasomwa 90. Kabla ya kila mzigo isome sifuri, gunia lisiguse chini, wala goti la mtu lisiwe karibu. Gunia tupu la plastiki lina gramu mia na kitu tu. Anayekata kilo nzima "ya gunia" anakata mboga ya watoto.

Ugumu wenyewe uko hapa: kijiji kimoja kikikataa lumbesa, lori linasogea kijiji cha pili. Kenya wana Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za viazi za 2019 zinazosema mwisho ni kilo 50, na bado wakulima wa Nyandarua wanalia na magunia yaliyorefushwa. Pasipo kata nzima kukubaliana, tena kwa jina la kila mnunuzi na siku ya soko, stika za mizani zitabaki mapambo.

SWALI. Mwezi wa nane nilikopa laki mbili kwa jirani mwenye duka, nikaahidi kumlipa kwa korosho. Sasa minada imefunguliwa, nasikia bei ni nzuri. Niambieni ukweli: nimeibiwa au nimejiibia mwenyewe?
*Mkulima, Newala*

JIBU. Mzee wetu, umeshikwa ukiwa na njaa, na aliyekushika alijua tarehe. Kuanzia Juni mkorosho unataka salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, dawa nyingine zinafuata, na fedha za msimu uliopita zimeshakwisha. Korosho zinaanguka kuanzia Oktoba. Katikati ya hapo ndipo kangomba, mkopeshaji anayelipwa kwa mazao, anapokaa. Kagera wana butura, ambapo kahawa inauzwa ikiwa bado ua. Ninyi Kusini mna kangomba, jina la chombo ambacho kinahesabiwa kilo moja lakini kikipakuliwa kwenye mizani kinazidi.

Hesabu kwa mfano huu, kisha weka namba zako. Jirani amekata kangomba moja kwa shilingi 1,000. Laki mbili ni kangomba 200. Kama chombo chake kina kilo moja na robo, atabeba kilo 250. Mnadani, baada ya makato yote, tuseme kilo inakuachia shilingi 2,500. Kilo zile zilikuwa na thamani ya 625,000. Umekopa laki mbili kwa miezi mitatu na kulipa zaidi ya mara tatu. Na msimu wa 2024/25 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, kwa hiyo kuna waliolipa pakubwa kuliko mfano wetu.

Nini cha kufanya sasa? Tenganisha vitu viwili. Mkopo ni deni la kweli, ulipokea fedha na lazima zirudi. Kipimo ndicho haramu. Nenda kwa jirani na shahidi, ikiwezekana mtendaji wa kijiji, umwambie utalipa kwa fedha baada ya malipo ya mnada, na nyongeza mtakayoandika kwenye karatasi. Akitaka korosho, sawa, lakini zipite kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika na zihesabiwe kwa bei ya mnada. Wengi wa hawa wafanyabiashara hukubali, kwa sababu hawapendi jina lao litamkwe ofisini.

Hatutaki kukuficha upande wa pili. Stakabadhi ghalani, yaani kupeleka mazao ghala la pamoja na kupewa hati mpaka yauzwe mnadani, iliyoanza huko Mtwara msimu wa 2007/08, iliwekwa ili mkulima aende mnadani kwa kilo halisi, na kwa kilo imefaulu. Udhaifu wake ni muda. Mzigo unapelekwa leo, fedha zinakuja baada ya wiki, mara nyingine zaidi. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, bei ilikuwa nzuri lakini wapo waliongoja malipo miezi kadhaa. Kila siku ya kungoja ni mteja mmoja zaidi wa kangomba. Wanaodhani mchezo huu utakomeshwa na polisi peke yao hawajawahi kungoja ada ya shule.

Ili mzigo wako usicheleweshwe kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wako: anika korosho juani siku mbili hadi tatu ukizigeuza, mpaka ukizitikisa zinalia na ukucha hauachi alama kwenye ganda. Ondoa mabaki ya bibo, tenga zilizokauka vibaya na zilizotobolewa, kwa sababu chache mbovu zinashusha daraja la gunia zima. Weka kwenye gunia la juti. La plastiki linatoa jasho na kuleta ukungu. Simama kwenye mizani mpaka karani aandike, na soma kilo kwenye stakabadhi kabla ya kuondoka. Jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na jina la daftari la wakulima. Fedha nyingi zinazoitwa "zimepotea" zimekwama hapo.

Na kama mko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, acheni kuvunja kibubu Desemba. Desemba mna fedha za korosho tayari. Vunjeni Juni, wiki ya salfa. Badiliko hilo dogo la tarehe linamnyima kangomba wateja kuliko hotuba kumi.

SWALI. Sisi ndio tunaitwa ghala la taifa, lakini kila Januari hadi Machi nyumba nyingi hapa zinakula mlo mmoja. Mwaka huu tumevuna magunia 14. Mume wangu anataka kuuza 10 sasa hivi kwa ajili ya madeni. Mnashaurije?
*Mama wa watoto wanne, Rukwa*

JIBU. Mama, kwanza hesabu ya chungu. Nyumba ya watu sita ikitumia kilo mbili za mahindi kwa siku, mwaka ni kilo 730: magunia saba na kidogo, na ukiweka wageni na kilichoharibika, manane. Mkiuza 10 mnabaki na manne, yaani chakula cha miezi sita na nusu. Mlivuna Juni, kwa hiyo mtaishiwa karibu na Krismasi au mwaka mpya, na mtanunua Januari mahindi pengine ya shamba lenu wenyewe, kwa bei ambayo mara nyingi inakaribia maradufu. Uzeni sita. Deni lililobaki, ombeni muda. Mdai wa mbolea naye anapenda kulipwa Novemba kuliko kutolipwa.

Ubaya wa Januari hauishii tumboni, na hili wengi hawalioni. Mahindi yanataka palizi ya kwanza ndani ya wiki mbili hadi tatu tangu kuota. Nyumba isiyo na unga inakwenda kupalilia shamba la mwenye unga, kibarua cha asubuhi, ili jioni wasonge ugali. Shamba lao linangoja. Magugu yanapokuja kung'olewa wiki ya sita, mavuno yameshapungua vibaya, na mwakani magunia 14 yanakuwa 9. Mwenye shamba aliyewalipa debe kwa ekari hajavunja sheria yoyote. Amepata vibarua kwa bei ya njaa tu. Ndiyo maana magunia manane ya akiba kwenu si chakula peke yake, ni haki ya kupalilia shamba lenu kwa wakati.

Uzeni kwa kilo. Gunia la kilo 100 ni debe sita zilizojaa. Mnunuzi anayetaka saba anadai lumbesa kwa jina jingine. Na kabla ya kumpa mtu wa pikipiki anayepita mlangoni, ulizeni kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kilicho karibu: wananunua kwa mizani, ila unyevu usizidi asilimia 13.5.

Unyevu ndio unaoua akiba. Jaribio la chumvi linafanyika nyumbani. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, weka mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu kabisa (ikaushe kwenye kikaango na uiache ipoe). Funga, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15: rudisha turubaini. Ikianguka yote chini, yako tayari. Usianike chini kwenye udongo. Mahindi yenye unyevu yanaota kuvu anayetoa sumukuvu, ambayo haionekani na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya kati ya Tanzania.

Kuhifadhi, tunapendelea mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa: ya nailoni miwili ndani, gunia nje. Kabla ya kutia mahindi, ipulize ile ya ndani kama puto, uisikilize. Ikivuja ni mfuko wa kawaida tu wa bei mbaya. Mahindi yapoe kwanza, yasitoke juani moja kwa moja. Jaza huku ukishindilia, toa hewa, songa shingo ya mfuko wa kwanza, ikunje, funga kwa kamba. Fanya vivyo hivyo kwa wa pili, kisha gunia la nje. Kila mmoja ufungwe peke yake. Wanaoikusanya yote mitatu kwa fundo moja ndio wanaosema mifuko haifanyi kazi. Dumuzi na fukusi watakaokuwemo watakosa hewa na kufa, bila dawa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na usifungue kuchota kidogo kidogo: toa mfuko mzima, umalize, uje kwenye mwingine. Adui anayebaki ni panya, na kwake dawa ni paka au bati. Usiwadharau wadudu kwa sababu ni wadogo: dumuzi akiachwa ndani ya gunia la kawaida miezi sita anaweza kukuachia unga wa vumbi kwenye theluthi ya mzigo.

SWALI. Mimi huchuma majani chai kwa kilo. Kila mara karani hukata kilo moja "ya mfuko na maji", na mizani ikionyesha 12.7 yeye huandika 12. Nikiuliza naambiwa niende nikatafute kazi kwingine. Kuna sheria?
*Mchumaji, Kericho*

JIBU. Ipo, ndugu yetu, lakini anza na daftari, kwa sababu sheria bila ushahidi itakuchelewesha tu.

Kila upimaji uandike saa, namba uliyoiona kwa macho yako, na namba iliyoandikwa na karani. Ukipima mara tatu kwa siku na kila mara ukapoteza nusu kilo kwa kukatiwa desimali, hiyo ni kilo moja na nusu. Kwa siku 26 ni kilo 39. Ongeza kilo ya mfuko mara tatu kwa siku, kilo 78. Jumla 117 kwa mwezi, zilizochumwa, zikakaushwa, zikauzwa, ila hazikulipwa. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo jasho lako la bure ni kama kilo 26 za chai. Kwa pakiti ndogo za gramu mbili, vikombe 13,000. Kila mwezi, mtu mmoja.

Mfuko upimwe mtupu mbele yenu na uzito wake uandikwe ukutani. Huo ndio unaopaswa kukatwa, si zaidi. Kuhusu maji, umande wa asubuhi ni wa kweli na kiwanda kina haki ya kutolipia maji, lakini kata ya asubuhi haiwezi kuwa sawa na ya saa nane mchana jua likiwa kali. Kama inakatwa hiyo hiyo, si maji. Utasikia ushauri wa kupima mara chache ili desimali zisikule, uwe mwangalifu. Majani yaliyoshindiliwa mfukoni muda mrefu hupata joto na kuwa mekundu, na karani atayakataa kwa haki.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya malipo yanayoonyesha kila kilichokatwa na kwa nini, ila kifungu hicho hakimhusu kibarua wa kutwa wala anayelipwa kwa kipande. Makato yote kwa jumla hayawezi kuzidi theluthi mbili za ujira. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi anaweza kutambuliwa kuwa mfanyakazi wa mkataba, hata kama wanamwita wa kutwa. Peleka daftari kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba. Viwango vya malipo kwa kilo kwenye mashamba makubwa hutokana na makubaliano ya chama na waajiri, uombe kuyaona. Usipopata jibu, nenda kwa afisa wa kazi wa kaunti. Msiende mmoja mmoja. Daftari nane zenye namba zinazofanana haziwezi kuitwa uongo wa mtu mvivu.

Tunajua pia hofu iliyo nyuma ya "katafute kazi kwingine": mashine za kuchuma. Mwaka 2023 baadhi zilichomwa moto huko Kericho, na watu walipoteza zaidi kuliko walichopata. Hoja ya mashine ni ya mezani, juu ya nani anahamishiwa wapi na kwa malipo gani. Hoja ya desimali haihusiani nayo, msikubali zichanganywe.

Kwa wasomaji wa Mufindi na Rungwe walioandika jambo hilohilo: kwenu malalamiko ya malipo yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kuhesabu vibaya siku hizo, wala si kwa kukosa hoja.

SWALI. Bibi yangu amelima mwani tangu nikiwa mdogo. Mgongo umekwisha, na fedha hazitoshi hata kununua mchele. Mwani wenyewe huliwa wapi hasa?
*Mjukuu, Jambiani*

JIBU. Unaula bila kujua, mwanangu. Mwani wa bibi unatolewa karajinani, kitu cha kugandisha, ambacho kwenye pakiti huandikwa E407. Kimo kwenye aiskrimu, maziwa ya chokoleti, nyama za kopo, hata dawa ya meno. Mlaji hauoni, ndiyo maana hajawahi kuulizia bei ya anayeulima.

Kilimo hicho kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wengi mno ni wanawake. Kazi inafuata bamvua: maji yakitoka sana, mtu anainama saa kadhaa kufunga vipande kwa taitai, yaani vikamba vidogo, kwenye kamba iliyovutwa baina ya vigingi, na baada ya kama siku 45 anavuna. Kilo saba hadi nane mbichi zinakauka kuwa moja. Aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri zaidi, inakufa maji ya kina kifupi yakipata joto. Inabaki aina ya spinozamu, ya bei ndogo.

Palipo na nafasi ya kuokoa kitu ni kwenye kuanika. Mwani ulioanikwa mchangani unabeba mchanga, na mnunuzi anakata kilo kwa makisio ya jicho, daima kwa faida yake. Anikeni juu ya chanja au wavu, siku mbili tatu, ufunikwe mvua ikija, na mpime kabla ya mnunuzi hajafika. Wanawake wa Paje na Kidoti husaga wao wenyewe na kutengeneza sabuni; faida kwa kilo ni kubwa, soko ni dogo. Tusimdanganye bibi kwamba sabuni itanunua mwani wote wa kijiji.

SWALI. Ninaishi Muscat. Nilisoma kwamba wanawake wanaobangua korosho wanaungua mikono. Nikiacha kuzila nitawasaidia?
*Msomaji, Oman*

JIBU. Hapana. Ukiacha wewe, mnunuzi mkubwa atashusha bei, na kushuka huko kutaishia Newala.

Ulichosoma ni kweli. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi kama asidi, na mbanguaji asiye na glovu hujipaka majivu au mafuta ya mbarika, na bado vidole vinababuka. Wengi hulipwa kwa uzito wa zilizotoka nzima. Ikivunjika, ni hasara yake. Glovu zinapunguza kasi, na kasi ndiyo mshahara, hivyo hata penye glovu utaziona zimetundikwa ukutani. Vietnam iliripotiwa mwaka 2011 kwamba waliowekwa kwenye vituo vya kuacha dawa za kulevya walikuwa wakibanguishwa kwa lazima.

Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, kwa hiyo "zao la Tanzania" kwenye pakiti halikwambii nani aliyebangua. Namba kama W240 au W320 nayo haisaidii, ni idadi ya punje katika ratili. Mwulize muuzaji swali moja: zimebanguliwa nchi gani, kiwanda gani? Ukipata zilizobanguliwa Mtwara au Lindi, nunua hizo hata kama ni ghali kidogo, na uulize tena mwezi ujao. Na zile zilizovunjika, ambazo wengi huzipita, zina ladha ileile; kadiri zinavyopata wanunuzi kwa bei nzuri, ndivyo mwenye kiwanda anavyokosa kisingizio cha kumkata mbanguaji.